Sakafu mpya ya nakshi imeingia mawingu meupe, haijatimiza hata wiki mbili

#1 Bi wa Kiwanda (Shela, Lamu)

Assalaam aleikum jamani. Nina jambo limeninyima usingizi.

Nyumba ni ya marehemu mama, iko Shela, hatua chache kutoka ufukweni, na tangu afariki tunaipangisha wageni. Kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, na baraza vilikuwa na saruji ya zamani, imepasukapasuka kama gamba la kasa. Tukakubaliana familia nzima tuitengeneze. Fundi akamwaga saruji mpya, akatia rangi nyekundu ya udongo na nyingine ya mchanga, akapiga nakshi kwa kibao kilichokatwa mfano wa milango yetu ya Lamu, kisha juu akapaka vanishi ya kung'aa. Siku aliyomaliza nilisimama kwenye ngazi nikajiona nimeingia nyumba ya sultani.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu ipakwe vanishi. Katikati ya kiwanda pametokea mawingu meupe, kama maziwa yaliyomwagika chini ya kioo. Karibu na mlango mng'aro umekufa kabisa. Na palipokuwa na zulia pamebaki alama ya njano pembe zote nne. Nikiparuza kwa ukucha haitoki. Nimesugua kwa sabuni, nikasugua kwa jiki, nikasugua kwa ndimu, ndiyo kwanza inazidi. Simu ya fundi haipatikani. Wageni wa harusi wanaingia wiki ijayo.

Nisugue na nini?

#2 Pweza Mkavu (Matondoni)

Umeisugua kwa vitu vitatu na unauliza cha nne. Dada, hebu ihurumie hiyo sakafu.

#3 Fundi Mwiko (Malindi)

Pole dada. Weka brashi chini kwanza, kisha unijibu haya. Saruji ilikaa siku ngapi tangu kumwagwa mpaka kupakwa vanishi? Mkebe wa vanishi umeandikwa nini, akriliki, epoksi au poliurethani, na ilikuwa inanuka thina au hainuki? Ilipakwa saa ngapi za mchana? Na mtu wa kwanza kuimwagia maji aliimwagia lini?

Sema ukweli. Hapa hatugombezi mtu, ila nikipewa historia ya uongo nitakupa dawa ya uongo.

#4 Bi wa Kiwanda

Siku tisa. Fundi alisema imekauka kwa kuwa imeshakuwa nyeupe, na boti ya Mokowe ilikuwa inamngoja.

Mkebe ninao hapa: akriliki, ya thina. Harufu yake ilitutoa nyumbani usiku ule tukalala kwa shangazi. Alipaka baada ya sala ya adhuhuri, jua liko utosini, koti mbili mchana huo huo.

Maji, naona haya kusema, ni siku ya pili. Msaidizi wangu ni mtu wa usafi hasa. Aliona vumbi la makuti limeanguka juu ya sakafu mpya akaona haiwezekani. Akateka maji ya kisima cha uani, ambayo ni ya chumvichumvi, akatia jiki, akasugua kwa ufagio wa chelewa. Siku ya nne tukatandika zulia lenye mpira chini ili watu wasiikwaruze. Yaani tuliitunza.

#5 Pweza Mkavu

"Tuliitunza." Naenda kunywa kahawa, nikirudi nitasoma tena.

#6 Fundi Mwiko

Dada, una magonjwa matatu kwa mpigo, ndiyo maana hiyo dawa moja unayotafuta huipati.

Mawingu ya katikati ni maji yaliyofungiwa. Saruji hukauka uso huku tumboni bado mbichi. Kwa kawaida tunaipa siku 28 ikomae kabla hatujaifunika kwa kitu cha kung'aa, na yako imepewa tisa. Maji yaliyobaki ndani yanapanda kama jasho, yanakutana na vanishi, yanakosa pa kutokea, yanatulia hapo. Ukucha hauufikii huo weupe kwa sababu hauko juu, uko ndani ya vanishi na chini yake. Jua la adhuhuri nalo likaongeza lake: uso wa vanishi unaganda mapema kabla thina ya chini haijatoka, na hewa iliyo kwenye vitundu vya saruji ikipata joto hutanuka ikasukuma vipovu. Inama uitazame kwa ubavu asubuhi. Sishangai ukiona vipovu kama mayai ya samaki. Mimi nilishaharibu baraza zima la nyumba moja pale Casuarina kwa kosa hili hili, nikalirudia kwa pesa yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo napaka jioni, sakafu ikiwa inapoa.

Mlangoni ni habari nyingine. Vanishi ya siku mbili inakanyagika kwa mguu mtupu, lakini haijawa ngumu ya kusuguliwa. Chelewa zimeichana, jiki imeififisha, kisha ndimu ikapita kwenye michano ikaanza kuila saruji yenyewe. Saruji na asidi hazikai nyumba moja. Kamulia ndimu saruji tupu uone inavyotoa povu. Lile povu ni sakafu yako inaondoka. Ongeza mchanga wa Shela unaoingia na kila mguu, hapo una msasa wa kutosha.

Pembe za njano ni mpira wa zulia. Mpira hutiwa mafuta ya kuulainisha, na mafuta hayo huhamia kwenye akriliki, hasa kukiwa na joto. Hiyo nakwambia mapema usije ukanilaumu: huenda isitoke mpaka vanishi ya mahali pale iondolewe.

Cha kufanya sasa ni kutofanya. Usipake koti jingine juu ya mawingu, utayafungia zaidi. Usimwage maji. Toa mazulia yote, fungua milango upepo wa kaskazi upite. Kisha pima unyevu. Kata nailoni safi, nene kidogo, sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne isipumue. Iache saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone chini ya nailoni au saruji imekuwa nyeusi, bado maji yapo. Lakini sikiliza: usiibandike juu ya vanishi nzima, kwa sababu vanishi yenyewe inazuia mvuke na itakudanganya. Ibandike pale mlangoni palipochubuka.

#7 Zamani Dhahabu (Kisumu Ndogo, Malindi)

Haya yote ya nini? Bibi yangu alikuwa na sakafu nyekundu, kila Ijumaa tunapakwa polishi nyekundu ya mkebe sisi watoto pamoja na sakafu, tunasugua kwa brashi ya goti mpaka unaona meno yako. Apake polishi, mawingu hayataonekana.

#8 Fundi Mwiko

Ile sakafu ya bibi ilikuwa saruji tupu yenye rangi, haina vanishi. Polishi ilikuwa ndiyo kinga yake na ilifanya kazi nzuri mno, mimi pia magoti yangu yanazo alama. Ila ukipaka nta juu ya vanishi, kwanza inateleza ikipata maji, pili siku ya kurudia koti vanishi mpya haitashika kabisa juu ya nta, itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Utalazimika kuitoa nta yote kwanza, na hapo ndipo utajua gharama.

#9 Nahodha Mstaafu (Langoni, Lamu)

Nawasoma wanangu. Mimi si fundi wa saruji, ila nimeishi miaka mingi juu ya sakafu za Amu, yaani Lamu, na nina la kusema.

Nyumba zilizofanya mji wetu wa kale uingizwe kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 ni za matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa ilikuwa inapumua. Masika ikija ukuta unavuta maji, kaskazi ikija unayatoa, na hapana aliyejali kwa sababu hapakuwa na kitu kilichofungiwa. Sasa mnamwaga saruji, mnaifunika kwa kioo, halafu mnashangaa maji yanatafuta njia. Maji ya pwani hayajapata kukosa njia.

Jambo la pili. Mchanga ule ulitoka wapi? Kama ni wa ufukweni na haukuoshwa, chumvi iko ndani ya saruji tangu siku ya kwanza, na chumvi haina haraka.

#10 Fundi Mwiko

Shikamoo nahodha. Umegusa penyewe. Angalau alipaka akriliki, ambayo koti jembamba lake linaachia mvuke kidogo. Ingekuwa epoksi hapo tusingezungumza mawingu, tungezungumza vipande kubanduka. Epoksi inakaribia kufunga kabisa, halafu ikikaa juani inageuka njano, kwa hiyo kwa kiwanda kilicho wazi mimi siitumii.

Na chumvi ya mchanga ni kweli. Inapanda na maji, maji yakikauka inabaki juu kama unga. Ndiyo maana nataka tuujue weupe wa dada ni upi. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni chumvi ya saruji. Wingu lisilofutika ni vanishi yenyewe. Dada, pitisha kidole kikavu utuambie.

#11 Bi wa Kiwanda

Shikamoo nahodha, umenikumbusha mama, alikuwa akisema hivyo hivyo.

Nimepitisha kidole. Katikati haifutiki. Kwenye ukingo wa ukuta wa bafu inafutika kidogo, unga mwembamba. Kwa hiyo nina vyote viwili, alhamdulillahi.

Vipovu nimeviona. Mayai ya samaki hasa.

Nailoni niliibandika jana baada ya alasiri, nimeifunua leo adhuhuri. Imejaa matone kama kifuniko cha sufuria ya wali. Mchanga ulikuwa wa ufukweni, wa bure, sikuuliza.

Sasa harusi nifanyeje? Watu mia na zaidi, siku tatu, na chetezo, na hina, na mapishi.

#12 Mama Deki (Malindi)

Hapa nitaingia mimi, kwa sababu harusi si kazi ya fundi, ni kazi ya anayefuata nyuma ya fundi na ndoo. Nimefanya usafi kwenye nyumba za wageni Malindi tangu nikiwa msichana, na sakafu za aina hii nimezideki nyingi, nyingine nimeziua kwa mkono wangu kabla sijajua.

Tandika mikeka. Mikeka ya ukindu inapumua, zulia la mpira halipumui. Lakini kila asubuhi na kila jioni uinuliwe, ukung'utwe nje, na chini yake pafagiliwe, maana mchanga ukikaa chini ya mkeka watu mia wakakanyaga, mkeka wenyewe ndio unakuwa msasa. Kufagia kwenyewe ni kwa ufagio wa nywele laini. Chelewa ziende uani kwenye majani.

Mlangoni weka ndoo na kata ya kuoshea miguu, na mkeka mkavu wa kukanyagia kabla mtu hajaingia. Watoto wa mabaharia wakija kwenye harusi watazame miguu, maana aliyetoka kupaka jahazi sifa (mafuta ya papa) akikanyaga sakafu, yale mafuta yanashika. Yakishika usikimbilie petroli. Nyunyiza unga wa mahindi au poda ya mtoto, iache inywe, fagia, kisha futa kwa maji ya sabuni.

Chetezo ndiyo adui namba moja na hakuna anayemkumbuka. Kaa moja likianguka juu ya akriliki ni tundu. Kila chetezo kikae juu ya sinia lenye mchanga, na mtu mmoja mzima asimame karibu, si mtoto. Jiko la mkaa lisiingie kiwandani kabisa. Mbuzi ya kukunia nazi isiburutwe, ibebwe.

Kinachomwagika kifutwe hapo hapo. Kahawa, ukwaju, achari ya ndimu, siki ya kachumbari. Siki na ndimu zikikaa usiku kucha ni zile zile ulizosugulia, tofauti hukuzikusudia. Hina ikianguka juu ya vanishi nzima, iondoe mbichi kwa kitambaa chenye maji. Ikianguka pale mlangoni palipochubuka, basi hiyo ni yako.

Sasa deki ya kawaida, hata baada ya harusi. Maji matamu, si ya kisima cha chumvi. Najua Lamu maji matamu yana thamani, yale yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela si ya kuchezea, ndiyo maana mimi simwagi ndoo. Nachukua lita tano tu, natia kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile laini isiyochubua mikono. Naloweka kitambaa, nakikamua mpaka hakidondoki, nafuta. Kisha lita tano nyingine tupu, narudia. Kisha kitambaa kikavu. Sabuni ikibaki inafanya utando, utando unashika vumbi, siku ya tatu unasema sakafu imefifia kumbe ni sabuni yako mwenyewe. Sabuni ya unga ya kufulia ndiyo mbaya zaidi kwa utando, halafu ni kali, imezidi upande wa magadi kama ndimu ilivyozidi upande wa uchachu.

Maji ya chumvi yakikauka yanaacha chumvi. Jiki ikikauka inaacha chumvi. Kwa hiyo siku ile ya pili mliipaka chumvi mara mbili. Simlaumu msaidizi wako. Mpe salamu zangu na umwambie tatizo lake ni kwamba ana bidii.

#13 Pweza Mkavu

Nimerudi. Mama Deki olewa na mtoto wangu. Au nikuoe mimi. Unga wa mahindi kwa sifa nimejaribu leo kwenye baraza letu, umekunywa kweli.

#14 Mpwani Ughaibuni

Samahani kuingilia uzi. Nina nyumba ndogo Mayungu, pembeni mwa bwawa la kuogelea tumepiga saruji ya muhuri, iliyogongwa nakshi mfano wa mawe, imepakwa akriliki. Wageni wanalalamika inateleza, na kuna madoa ya mafuta ya kujikinga na jua. Mlinzi anaimwagia maji ya bwawa kila asubuhi "kuiosha". Ni sawa?

#15 Mama Deki

Maji ya bwawa yana dawa ya klorini. Kila siku juu ya vanishi, hapana. Aoshe kwa maji ya bomba, na mafuta ya jua yafutwe kwa sabuni ya vyombo jioni ile ile kabla hayajapikwa na jua la kesho.

#16 Fundi Mwiko

Kuteleza hakuponi kwa kuosha. Fundi alipaswa kuchanganya chembe za kuzuia kuteleza kwenye koti la mwisho, ni unga mwembamba wa plastiki, huuoni lakini mguu unauhisi. Siku mkirudia koti, mtie. Kwa sasa weka kamba au kibao cha onyo, na kwa hakika msiongeze koti tupu la kung'aa, litateleza mara mbili.

#17 Kijana wa Barani (Malindi)

Ule unga mweupe wa ukutani kwa dada unatoka kwa siki nyeupe na maji. Nimeona video.

#18 Fundi Mwiko

Kwenye saruji tupu, mjuzi akiwa na kipimo na maji mengi ya kusuuza, mafundi hutumia asidi nyepesi. Juu ya vanishi mpya ya wiki mbili, juu ya saruji mbichi, hapana. Unga ule ufagiliwe ukiwa mkavu kwa brashi laini. Utarudi, utaufagia tena. Unapungua kadiri maji yanavyoisha ndani. Ukimwaga maji kuuosha unaupa safari mpya.

Video zina haki yake, lakini aliyeirekodi haishi Shela.

#19 Bi wa Kiwanda

Harusi imepita salama. Mikeka ilifanya kazi. Chetezo zote zilikaa kwenye masinia, shangazi yangu alijiteua kuwa askari wa chetezo na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Hina imeanguka mara mbili: moja juu ya vanishi, ikafutika kama haikuwepo. Nyingine mlangoni. Ile ya mlangoni imeingia, ina umbo la chozi, na bibi harusi anasema ni baraka.

Mawingu yapo vile vile, labda yamesogea kidogo kuelekea ukuta. Nangoja. Kila Ijumaa nabandika nailoni mpya pale pale.

#20 Bi wa Kiwanda

Wiki tano tangu siku ya vanishi. Nailoni imekaa tangu jana alasiri mpaka leo magharibi. Imetoka kavu. Saruji haijabadilika rangi. Mawingu ya pembezoni yamejiondokea yenyewe, lile kubwa la katikati limepungua lakini halijaisha. Fundi, sasa?

#21 Fundi Mwiko

Mashallah, una subira kuliko wateja wangu wote. Sasa unaweza kuligusa.

Kwanza thibitisha vanishi. Mkebe umesema akriliki ya thina lakini mikebe nayo hujazwa vitu. Chukua pamba, ichovye kwenye zailini (aina ya thina kali), ishikilie kwenye pembe iliyojificha kama nusu dakika. Ikinata, ni akriliki ya kuyeyuka na dawa hii itafanya kazi. Isipotoa dalili yoyote, simama hapo, ni kitu kingine, tutazungumza upya.

Ikinata, subiri jioni sakafu ikiwa imepoa, siku isiyo na mvua. Fagia, futa, iache ikauke kabisa. Mimina zailini kidogo kwenye sinia la rola, tumia rola ya manyoya mafupi isiyoyeyuka na thina, uipitishe kwenye eneo kama la mkeka mmoja kwa wakati. Vanishi ya zamani italainika, weupe utapotea mbele ya macho yako, na vipovu vitakaa chini. Rudia rola kwa kuisawazisha, kisha iache. Usirudi kuangalia kwa kidole. Nakujua.

Na hili silisemi kwa mzaha: zailini inawaka, na mvuke wake unalevya na kuumiza. Jiko lote lizimwe, sigara hakuna, chetezo hakuna, hata kwa jirani wa ukuta mmoja. Glavu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inatakiwa ile yenye vichujio vya kemikali, kama huna mwachie fundi mwenye nayo. Watoto walale kwa shangazi tena.

Mlangoni ni kusugua kwa msasa laini, namba 220, mkono mwepesi, mpaka ukingo wa vanishi ya zamani usishikike. Futa vumbi, kisha koti mbili nyembamba za vanishi ile ile, ya pili siku ya pili. Nyembamba. Vanishi nzito ndiyo inayozaa mawingu.

Baada ya hapo, kwa kawaida siku moja kwa mguu mtupu, siku tatu kwa viti vyepesi, na mikeka ingoje wiki mbili ikiwezekana. Kibandiko cha mkebe kikisema zaidi, kifuate. Maji ya kudeki yangoje wiki. Vumbi la makuti likianguka, liondolewe kwa ufagio wa nywele, na msaidizi wako apewe likizo.

#22 Nahodha Mstaafu

Likizo mpelekeni Kipungani. Huko sakafu ni mchanga, afagie mpaka achoke.

#23 Bi wa Kiwanda

Imenata. Nilimtafuta kijana wa Mkomani mwenye barakoa ya vichujio, anapaka boti za kioonyuzi (fiberglass), akafanya yeye mimi nikiwa nimekaa juu darini natazama. Wallahi wingu liliondoka kama ulivyosema, mbele ya macho, kama mtu amefuta kioo cha bafu. Vipovu vimelala vingi, si vyote. Pembe za njano mbili zimefifia, mbili zipo. Nimeweka mitungi ya maua juu yake, yenye vigae vya udongo chini ili mpira usiwepo.

Chozi la hina limefungwa sasa chini ya vanishi, litakaa hapo milele. Msaidizi amekasirika kwa sababu ya zile utani zenu za likizo, lakini ndiye aliyewazuia jana wageni wawili mlangoni na miguu yao ya mchanga, hawakupita mpaka walipoosha.

Swali la mwisho. Nitajuaje siku ya kupaka tena? Kuna jirani anasema kila mwaka.

#24 Fundi Mwiko

Kila mwaka ni njia ya kumtajirisha muuza vanishi. Koti juu ya koti zinakuwa nene, zinashindwa kupumua, zinaanza kubanduka, halafu unalipa kuzitoa zote. Kwa kiwanda kilicho wazi juani na mvuani, mara nyingi ni mwaka wa pili au wa tatu. Barazani penye kivuli huenda zaidi. Dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali. Tone likisimama kama shanga, vanishi ipo. Likisambaa na saruji ikawa nyeusi, pale imekwisha, na koti moja jembamba linatosha.

#25 Bi wa Kiwanda

Nimezunguka sasa hivi na kikombe cha maji. Yanasimama kila mahali, kwenye nakshi zote, katikati, barazani. Ila mlangoni, upande wa kulia wanapovulia viatu, linasambaa kidogo.

#26 Fundi Mwiko

Hapo koti la pili lilikuwa jembamba mno. Ongeza moja kabla masika haijaingia. Jioni.